Baiskeli, bajaji au boda? Nishaurini wana Tabora

Mnyanyembe wa Pembeni: Habari za leo wakuu. Nakaa nje kidogo ya Ipuli, nauza dukani karibu na soko kuu, kama kilomita sita kwa njia ninazopita. Njiani namshusha binti yangu wa darasa la pili. Boda ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kwa siku 26 ni 78,000. Bajaji ya kuchangia ni 600, yaani 31,200 kwa mwezi, ila lazima ijae ndipo iondoke, na mtoto kachelewa mara mbili wiki hii. Mkononi nina 240,000. Nawaza baiskeli, shemeji anasema nikope pikipiki. Halafu msinicheke, moshi nao unanisumbua. Binti ana kifua.

Kijiwe Cha Saa Sita: Kopa pikipiki mkuu, acha mateso.

Fundi Spoku: Huyo hajakwambia rejesho la kila wiki, mafuta, oili na tairi. Mji wetu ni tambarare, baiskeli inakwenda. Ila mtoto kwenye keria ni habari nyingine. Nimeshaona kisigino kilichoingia kwenye spoku, sitaki kukisimulia hapa. Kata dumu la plastiki, funga pande zote mbili za gurudumu la nyuma, muwekee na pa kukanyagia. Na usipite vichochoroni kiangazi, mbigili zitakumaliza. Tembea na viraka, solusheni na pampu. Kuziba pancha ni dakika kumi, lakini siyo ukiwa umevaa shati la kazini.

Mzee wa Hesabu: Kuhusu moshi hakuna cha kucheka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwako ni kilomita 312 kwa mwezi. Pikipiki ikienda kilomita 45 kwa lita, ni lita saba, kama kilo 16. Boda ni zaidi, maana akishakushusha mara nyingi anarudi mtupu, na mafuta ya kurudi yanaungua kwa ajili yako. Bajaji yenye abiria watatu mnagawana moshi. Kwa hiyo kule kusubiri ijae kunakokukera ndiko kunakoifanya iwe nafuu.

Kijiwe Cha Saa Sita: Mzee, miti inakatwa kila msimu kukaushia tumbaku, wewe unahesabu kilo 16?

Mzee wa Hesabu: Kifua cha mtoto hakipo kwenye bani la tumbaku, kipo nyuma ya ekzosi.

Mama Wawili: Mimi naendesha baiskeli mwaka wa tatu. Kaka yangu, mvua za kuanzia Novemba hazina mjadala, siku hizo panda bajaji tu, tenga hela yake mapema. Na nunua yenye kizuizi cha cheni. Yangu ilikula dera jipya mbele ya watu stendi.

Mnyanyembe wa Pembeni: Asanteni nyote. Nimepata Phoenix iliyotumika kwa 190,000, breki ya nyuma inalegalega, fundi anaishughulikia. Zilizobaki ni za dumu, viraka na bajaji za mvua. Jumamosi tunajaribu njia bila haraka ya shule. Shemeji kanuna. Binti yeye kauliza swali moja tu: kengele iko wapi?