Tupeane uzoefu: Kuingiza gari kwenye misitu ya taifa Marekani bila kuandikiwa notisi

MzeeWaMatope (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kwenu. Theluji ikishayeyuka maswali huwa ni yale yale: "Msitu wa taifa si mali ya umma? Mbona mtu anaandikiwa notisi, yaani karatasi ya kosa na faini, kwa kuegesha kwenye nyasi?" Tukusanye hapa tunayoyajua. Hadithi za safari na picha za gari lililozama tuziachie uzi mwingine. Hapa tunataka vitu vya kutumia: unasoma nini, unafunga nini kwenye gari, askari anatazama nini.

Msingi kwanza. Misitu ya taifa inasimamiwa na Forest Service, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Usiichanganye na hifadhi za taifa, wala na ardhi ya BLM (idara nyingine ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma), ambayo mara nyingi imepakana na msitu na ina kanuni zake. Zamani sehemu kubwa ya misitu ilikuwa wazi mpaka mahali papigwe marufuku. Novemba 2005 ikatoka kanuni iliyopindua mambo: palipoorodheshwa kuwa wazi ndipo pa kupita, kwingine kote pamefungwa. Kila msitu ukatakiwa kutoa ramani yake ya njia zilizoruhusiwa. Jina lake ni MVUM (Motor Vehicle Use Map), na inatolewa bure.

Kifungu chenyewe ni 36 CFR 261.13 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu), na maneno yake yamekaa vibaya kwa mtu mjanja. Kinakataza kuendesha gari nje ya njia zilizoruhusiwa, na pia *kuwa nalo* huko. Kwa hiyo kuzima injini na kutandika mkeka chini ya msonobari si utetezi.

BintiPwani

Naongezea hapo. Nyumbani tumezoea msitu wa hifadhi wenye geti, kizuizi na mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Huku unaweza kwenda maili thelathini usione kibao wala binadamu, ukadhani kila njia yenye alama za matairi ni halali. Sivyo. Ramani inatosha kukutia hatiani hata kama kwenye njia hakuna kibao hata kimoja. Vibao hupigwa risasi, hung'olewa, hufunikwa na theluji, na hilo halibadilishi chochote.

Jinsi ya kuisoma MVUM, maana wengi huipakua kisha wakaitazama kama picha ya ukutani:

Mara nyingi imechorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, haina mapambo. Kila mstari una aina yake: barabara za magari yenye usajili wa barabarani peke yake, barabara za vyombo vyote, njia za vyombo vyenye upana wa inchi 50 au pungufu (sm 127), njia za pikipiki tu. Usikisie mstari kwa macho. Soma ufunguo wa karatasi hiyo hiyo, kisha nenda kwenye jedwali la namba. Jedwali linakupa namba ya barabara, inafunguliwa kutoka maili ngapi hadi maili ngapi, kwa chombo gani, na kwa tarehe zipi. Barabara inaweza kuwa wazi maili mbili za mwanzo na kufungwa kuanzia hapo, ingawa ardhini inaendelea vizuri tu.

Tarehe sasa. Hapo ndipo sisi tunaponaswa. "05/01-11/30" ni Mei 1 hadi Novemba 30. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani utaona Januari 5, utaingia barabara mbichi kabla haijafunguliwa, na hakuna atakayekuelewa.

Barabara isiyoonekana kwenye ramani imefungwa, hata iwe pana kuliko ya kijijini kwenu. Nyingi ya hizo zilichongwa kwa ajili ya kukata magogo na sasa zimewekwa kiporo. Kwa lugha yao zipo daraja la 1 la matengenezo, yaani hazipiti gari lolote. Daraja la 2 ni la gari lililoinuka, 3 hadi 5 hata gari dogo la saluni linapita. Ukikuta kibao cha namba kilichosimama, tarakimu zimepangwa juu kwenda chini, tegemea njia ya gari lililoinuka. Kibao kilicholala huashiria njia ya gari dogo. Lakini kibao hicho kinakueleza hali ya njia. Ruhusa ni kazi ya ramani.

Kwodi_Phoenix

Swali fupi: GPS ya simu inatosha?

BintiPwani

@Kwodi_Phoenix ramani za kawaida za simu hazitoshi, kaka. Zinakuonyesha barabara iliyofungwa miaka kumi iliyopita kana kwamba ni barabara kuu. Pakua MVUM yenyewe ndani ya programu ya ramani isiyohitaji mtandao, Avenza ndiyo inayotumika sana, uone nukta yako inatembea juu ya karatasi halali. Fanya hivyo nyumbani kwenye waifai, maana ukishaingia msituni mtandao ni wa kubahatisha. Hakikisha ni toleo la mwaka huu, zinatolewa upya. Na ukiwa umeshapakua, pitia ukurasa wa matangazo ya msitu husika, kwa sababu amri ya kufunga kwa ajili ya moto au mafuriko inaipiku ramani.

FundiEksozi

Mimi nitasema ya chombo chenyewe, mengine mmeshayamaliza.

Wavu wa kuzuia cheche. Pikipiki na kwodi (pikipiki za magurudumu manne) karibu misitu yote ya magharibi zinatakiwa kuwa nao, na askari ana tochi ya kuchungulia mdomo wa sailensa. Tafuta muhuri wa kuthibitishwa na Forest Service uliogongwa kwenye bati. Sailensa nyingi za mashindano hazina. Wavu ukiwepo lakini umezibwa na masizi, watu huung'oa kwa sababu pikipiki inapoteza nguvu, na hapo ndipo notisi inapotoka. Dawa si kuung'oa. Injini ikishapoa kabisa fungua skrubu za kifuniko cha nyuma, vuta wavu, piga brashi ya waya mpaka uone mwanga unapenya kila tundu, rudisha. Kama umetoboka hata tundu moja, nunua mwingine, maana cheche inapita pale pale. Gari la barabarani lenye eksozi ya kiwandani na katalisti (kisafishio cha moshi kwenye eksozi) nzima kwa kawaida halisumbuliwi na hili.

Kelele. California kikomo ni desibeli 96 kwa vyombo vilivyotengenezwa 1986 na kuendelea, 101 kwa vya zamani zaidi. Kinasa sauti hukaa inchi 20 kutoka mdomo wa eksozi, pembe ya digrii 45, injini ikishikiliwa karibu nusu ya mizunguko yake ya juu. Wavu uliotolewa na pamba ya sailensa iliyoungua ndivyo vinavyowapandisha wengi juu ya kikomo.

Upana. Njia ya inchi 50 hupimwa chombo kilivyo chote, tairi na vyote vilivyotokeza. Zile gari ndogo za wazi za watu wawili, nyingi zina inchi 60 na zaidi. Mtu mwingine ana kwodi ya inchi 48, anafunga spesa (kipande cha kusogeza tairi nje) ya inchi moja na nusu kila upande, tayari ameshapita kikomo na hajui.

Breki lazima zishike. Taa za mbele na za nyuma ziwake kuanzia nusu saa baada ya jua kutua mpaka nusu saa kabla halijachomoza. Pombe, moshi wa eksozi uliopita kiasi, kuendesha kihuni: hayo yote yamo 261.15, inayohusu kuendesha nje ya barabara, na humo humo kuna kifungu kinachokupata hata ukiwa juu ya njia ndogo iliyo halali, nacho ni kuharibu ardhi, mimea au kubughudhi wanyama. Juu ya barabara yenyewe kuna 261.12, inayokataza kuiharibu, kwa hiyo kuzungusha gari duara kwenye tope la barabara iliyo wazi bado ni kosa.

KakaWaMteremko

Watu hudhani nyasi zitaota tena. Ngoja nieleze kinachotokea kwenye bonde bichi la nyasi, kwa sababu hapo ndipo maafisa wanapokuwa wakali kuliko popote.

Gari la tani mbili na nusu likipita juu ya udongo ulioshiba maji, tairi halikwaruzi tu. Linakandamiza. Vinyweleo vya udongo vinafungika, chini ya mfereji panakuwa pagumu kama tofali, mizizi haishuki. Mvua inayofuata, maji yaliyokuwa yakitambaa bonde zima yanaingia kwenye mifereji miwili uliyochora, yanapata mbio, yanachimba. Aliyewahi kuona makorongo ya shambani yalivyoanza na njia ya ng'ombe ameshaelewa. Korongo likishashuka, maji ya chini nayo yanashuka kulifuata, bonde linakauka, na vichaka vya ukame vinachukua nafasi ya nyasi. Kuziba mfereji kunahitaji watu na mitambo, na mahakama inaweza kuamuru gharama ya kurekebisha ilipwe na aliyechora.

Kwa hiyo:

Punguza presha ukiacha lami. Kwa gari la kawaida la 4x4, kutoka psi 35 hadi kati ya 18 na 20 unaongeza eneo la tairi linaloshika ardhi, na gari linapita bila kuchimba. Usishuke chini ya 15 kwa rimu za kawaida, tairi litachomoka ukikata kona. Beba pampu ya kurudishia kabla ya lami, maana tairi laini kwenye mwendo wa barabara kuu hupata moto.

Barabara ikiwa tope, kipimo changu ni hiki: ukiacha mfereji unaozidi inchi mbili au tatu, geuza. Ukikuta dimbwi katikati, pita katikati kama chini ni kugumu, au rudi. Usizunguke pembeni. Wa pili atapanua, wa tatu atapanua tena, mwisho wa msimu barabara ya mita tatu ina upana wa mita kumi. Mti ulioanguka ni hivyo hivyo: usiuzunguke, na usiukate kabla ya kuuliza ofisi ya wilaya ya msitu, kwani kukata mti bila kibali kuna kifungu chake.

Winchi: mnyororo kwenye mti ni marufuku kichwani mwako. Unachuna ganda, na chini ya ganda ndipo mti unapopitishia chakula. Ukichunwa mduara mzima, umekufa. Tumia mkanda mpana, inchi tatu au zaidi, ufungwe chini ya shina, karibu na mizizi.

Na majani makavu. Katalisti inachoma. Egesha kwenye udongo mtupu. Ukianzisha moto, bili ya kuuzima inaweza kuletwa kwako.

Mama_Minnesota

Kuhusu kupiga kambi, maana familia nyingi haziendi kuchezea matope, zinataka kivuli na sehemu ya kuchomea nyama. Kwenye misitu mingi gari linaruhusiwa kutoka ukingoni mwa barabara urefu wa gari moja tu, tena pasipo kuharibu kitu. Ukiona nukta nukta zimefuata mstari wa barabara kwenye MVUM, hapo unaruhusiwa kuingia ndani zaidi kwa ajili ya kulala, kwa umbali uliotajwa kwenye karatasi, mara nyingi futi 300 (kama mita 91). Hizo ni za kambi, si za kujaribia gari. Tumia sehemu ambayo wengine wameshaikalia.

Maeneo yaliyoandikwa Wilderness usiingize chochote chenye magurudumu ya kupanda, hata baiskeli. Na baiskeli ya umeme, kwa Forest Service, inahesabiwa chombo cha moto.

Gari la kukodi: soma mkataba. Mingi inakataza barabara ya vumbi, na bima inakwisha pale lami inapokwisha.

Karatasi_Kwanza

Notisi sasa. Wapo maafisa wa aina mbili. Kuna askari kamili wa Forest Service, ana bastola na uwezo wa kukamata. Na kuna mtumishi wa msitu aliyepewa mafunzo ya kuandika notisi. Karatasi ya huyu wa pili ina uzito ule ule, usimdharau kwa kuwa hana silaha.

Notisi hii ni ya serikali kuu, haiendi mahakama ya kaunti. Inashughulikiwa na Central Violations Bureau iliyoko San Antonio, Texas. Hutaikuta kwenye mfumo wao siku ile ile, subiri wiki kadhaa. Kama kiasi kimeandikwa, una njia mbili: kulipa, au kwenda mbele ya hakimu wa shirikisho. Kama afisa ameweka alama kwamba kuhudhuria ni lazima, kulipa hakukuondolei kuhudhuria. Juu kabisa adhabu ni miezi sita jela au dola 5,000 kwa mtu binafsi, au vyote viwili. Ukihama, peleka anwani mpya. Ukinyamaza, hati ya kukamatwa inaweza kutoka.

Kwa wenye maombi ya uraia: fomu N-400 inauliza pia kuhusu kuandikiwa notisi, si kukamatwa tu. Muone mwanasheria wa uhamiaji *kabla* ya kulipa, kwani kulipa kunaweza kuhesabiwa kama kukubali kosa. Hifadhi nakala ya notisi, risiti na barua ya kufunga shauri.

Pale pale njiani: zima injini, mikono ionekane, toa leseni na usajili. Usiulize "kibao kiko wapi". Muombe akuonyeshe kwenye ramani namba ya barabara na maili, uandike, upige picha ya mahali na nukta yako ya GPS. Kama ramani ilikuwa upande wako, hiyo picha ndiyo utakayompelekea hakimu.

Kwodi_Phoenix

Nimeshapakua, dada BintiPwani. Ile njia niliyotaka kupita, ya nyuma ya bwawa, haimo kwenye ramani wala kwenye jedwali.

BintiPwani

Basi imefungwa, kaka. Tafuta yenye namba.