Sungura wa krosheti kichwa kinalala mbele, nijaze nini?

uzi_na_sindano: Habari wadau, kuna mteja kaniagiza sungura wa kufuma wa mtoto wake wa mwaka mmoja, kichwa kikubwa mwili mwembamba, sasa nikimkalisha tu kichwa kinalala kifuani kama kasinzia kwenye ibada 😅 Nimejaza sufi na naona inachungulia kwenye matundu. Nijaze nini? Na mikono naishonaje isikae mmoja juu mmoja chini

mamaJ_Tanga: Sufi achana nayo dia, ile ni ya mto wenye foronya. Kwenye mdoli inapenya na ikilowa inafanya madonge, kukauka ndo usiseme, na mtoto wa mwaka kila kitu mdomoni kwa hiyo kufua ni lazima. Tafuta ile nyeupe ya polista wanayojazia mito ya makochi, ulizia kwa mafundi sofa. Na hayo matundu ni sindano kubwa, kama unafumia ya milimita 4 shuka hadi 3 au hata 2.5, vidole vitauma lakini kitambaa kinabana

Bibi Kroshia: Naongezea kwa mama J. Shida ya kichwa iko shingoni. Usisukume bonge moja, chambua vipande vidogo vidogo usukumie kwa kitako cha penseli, shingo ijae mpaka ikatae ndo uunganishe. Na shingo ya vitanzi 12 haibebi kichwa hicho, fanya hata 18 halafu zungusha mshono mara mbili. Kuna wanaochomeka kijiti cha mshikaki, kwa mtoto huyo HAPANA, na macho ya plastiki pia usiweke, tarizi kwa uzi mweusi

uzi_na_sindano: Asanteni sana, mikono je?

mamaJ_Tanga: Bana kwanza kwa pini zenye vichwa, hesabu mistari kutoka shingoni kila upande, muweke mbali umwangalie ndo ushone. Mkono usijaze mpaka juu, mistari miwili mitatu ya mwisho iache mitupu utalala vizuri ubavuni. Pini zihesabu kabla hujamkabidhi mteja tafadhali

uzi_na_sindano: Sawa mama. Na masikio nayo nijaze kidogo?

Bibi Kroshia: Usijaze kabisa, yabaki bapa. Yakijaa yanazidi kuvuta hicho kichwa