Naomba ushauri: mvuke wa petroli ndani ya boti zinazotengenezwa

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia mafundi sita katika karakana ya boti za faiba hapa Kunduchi, na wiki iliyopita tuliponea chupuchupu: fundi alipowasha grenda karibu na tangi tuliloamini ni tupu, moto uliruka kutoka kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ukamuunguza nyusi zote mbili. Kumbe mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya sakafu ya boti, wala hauondoki kwa kufungua mfuniko tu.

Sasa tunachomoa nyaya za betri na kutoa tangi nje kabla ya kazi yoyote ya cheche. Tatizo ni matangi yaliyojengewa ndani. Je, wenye uzoefu huyasafisha vipi, na kipimo cha gesi cha kushika mkononi kinapatikana wapi kwa bei inayohimilika? Tajiri anasema feni ya kawaida inatosha, lakini mota yake yenyewe huweza kutoa cheche, hivyo siitaki mle ndani.

Aidha, hadina (kemikali ya kugandisha resini ya faiba) na kobalti (ya kuharakisha ugandaji huo), ambazo zikichanganywa moja kwa moja hulipuka, bado tunaziweka kabati moja. Mnazitenganishaje katika karakana finyu?