Mbunge wa Tanga tumpime kwa kura na miswada, au kwa lami?

Wa Ngamiani: Hoja naiweka mezani. Kila uchaguzi tunahesabiwa madarasa, visima na kilomita za lami. Lakini kwa Katiba, ibara ya 63 na 64, kazi ya Bunge ni kuisimamia Serikali na kutunga sheria. Lami inamwagwa na Serikali. Napendekeza kila jimbo la mkoa wetu liwe na karatasi moja tu: mbunge alipigaje kura, na amepeleka miswada mingapi. Mwenye sifuri aambiwe ana sifuri.

Mwalimu, Makorora: Nia yako siipingi, napinga karatasi. Fungua Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, ya siku yoyote sheria inapopitishwa. Mwishoni utakuta mistari miwili ndani ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", kisha "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Basi. Wanaoafiki wamesema ndiyo, wasioafiki wamesema siyo, Spika kasikiliza upande upi una sauti nyingi. Jina hakuna. Aliyesema siyo kwa sauti ya chini na aliyekuwa nje anakunywa chai, kwenye karatasi yako wote ni nafasi tupu.

Kura ya majina unayoweza kuitegemea kila mwaka ni ya bajeti kuu, mwezi Juni, wabunge wanapoitwa mmoja mmoja. Na hiyo nayo ina mtego wake. Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Ongeza ibara ya 71: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kimekwenda. Sasa huyo wa chama tawala akisema ndiyo, umejifunza nini kumhusu?

Bi wa Chumbageni: Mwalimu, hapo umewashonea wabunge kanzu ya udhuru, tena ya saizi yao. Kama bajeti ni ndiyo kwa lazima, muswada binafsi je? Kanuni zinamruhusu mbunge yeyote asiye waziri. Miaka mitano mtu hana hata mmoja, naye nimwonee huruma?

Wa Raskazone: Bi Mkubwa, usimwonee, ila mhesabie njia yenyewe. Muswada lazima uandikwe kisheria, ibara kwa ibara, pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu. Unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali siku 21 kabla ya kusomwa Mara ya Kwanza. Unakwenda kwenye Kamati, wadau wanatoa maoni, unarudi Mara ya Pili kwa mjadala, unaingia Kamati ya Bunge Zima kupitiwa ibara moja moja, ndipo Mara ya Tatu, halafu saini ya Rais. Serikali ina jopo la waandishi wa sheria. Mbunge hana jopo kama hilo.

Tena muswada wa namna hii unaweza kuharibikia ibara ya 99 ya Katiba. Chukua mkonge, maana Bodi yake iko hapahapa mjini. Mbunge wa Korogwe akitaka sheria ya kutoza kila tani ya katani ili kuanzisha mfuko wa wakulima wadogo, hawezi: kutoza kodi, au kuibadilisha kwa namna nyingine isipokuwa kuipunguza, ni mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Akitaka Hazina itoe ruzuku ya miche, mlango ni huohuo, umefungwa. Akitaka kodi iliyopo *ipungue*, hapo ibara haimzuii. Kwa hiyo nikiona mbunge anaahidi jukwaani kwamba ataleta muswada wa ruzuku, najua hajaisoma Katiba, au anajua kwamba sisi hatujaisoma.

Wa Sahare: Na mawaziri mnawaweka wapi? Tanga Mjini 2015 hadi 2020 ilikuwa na Mussa Mbarouk wa CUF, mpinzani wa viti vya nyuma. Akafuata Ummy Mwalimu wa CCM, ambaye sehemu kubwa ya kipindi alikuwa waziri: Mazingira, TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), Afya. Waziri haulizi maswali, anayajibu. Kwenye karatasi ya Ngamiani mmoja ataonekana mchapakazi na mwingine bubu, wakati ni viti viwili tofauti. Hapo simsifu wala simpondi yeyote.

Wa Ngamiani: Sawa, nimekubali miswada peke yake haitoshi. Tupime nini, basi?

Wa Raskazone: Jedwali la marekebisho. Muswada wa Serikali ukifika Kamati ya Bunge Zima, mbunge anaweza kupeleka jedwali: ibara fulani, futa maneno haya, weka haya. Jina lake liko juu, na Hansadi inaonyesha kama ibara ilipita bila mabadiliko au pamoja na marekebisho. Ibara ikiitwa naye hayumo ukumbini, jedwali linabaki karatasi. Mtu aliyebadilisha neno "anaweza" likawa "atalazimika" kwenye kifungu cha fidia ya ardhi amewafanyia watu wa Chongoleani kazi kubwa kuliko hotuba kumi za "naunga mkono hoja asilimia mia moja".

Pia shilingi. Bajeti ya wizara inapopitishwa, mbunge hushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani hutoa hoja mshahara huo upunguzwe shilingi moja, mpaka apate jibu. Usihesabu aliishika mara ngapi. Angalia aliirudisha kwa ahadi gani, na kama ahadi ina tarehe.

Mwalimu, Makorora: Na kwenye maswali chungeni "K.n.y." Likiandikwa mbele ya jina, aliyesimama ameuliza kwa niaba ya mwenzake. Ukitafuta jina kwa kompyuta unampa mtu maswali yasiyo yake, na mwenye swali, ambaye siku hiyo hakuwepo, anapata sifa ya kuhudhuria. Maswali ya nyongeza yawekeni mbali na la msingi. La msingi huandikwa mapema na kupelekwa kwa waziri, la nyongeza ndilo linaloonyesha kama muuliza ameelewa jibu.

Bi wa Chumbageni: Nakubali majedwali, nakubali shilingi. Lakini safu ya kura ya Juni haitoki, Mwalimu. Ndiyo zake sizijali. Nataka kuona mwaka ambao jina liliitwa na hakuna aliyeitika.