Nimeitwa kwenye utafiti wa sindano za ARV hapa Kisumu. Niingie au nibaki na tembe?

Nyar_Kolwa
Wenzangu, hamjambo. Natumia ARV mwaka wa nne sasa, ile tembe moja yenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Virusi havionekani kwenye kipimo. Sasa kliniki wameniita kwenye utafiti wa kulinganisha tembe na sindano mbili, kabotegraviri na rilpivirini. Unadungwa matakoni kila baada ya wiki nane, basi, hakuna kumeza. Wanataka jibu Ijumaa. Usingizi sipati. Je, ni salama? Matusi kaeni nayo.

Boda_Mamboleo
Nauli wanarudisha? Nikusubiri getini?

Mzee_wa_Dunga
Binti yangu, sisi tuliitwa mapema. 1990 KEMRI, wale watafiti wa tiba wa serikali, walituletea Kemron, eti dawa ya UKIMWI, Rais Moi mwenyewe akaitangaza. Kaka yangu aliuza ng'ombe. Wengine walipoipima upya, hakuna kitu. 1996 ikaja Pearl Omega ya Profesa Obel, nayo ikawa yale yale. Ng'ombe hawakurudi. Wewe kaa na tembe yako.

Muuguzi_Mstaafu
Mzee, pole kwa kaka, lakini hayo hayafanani na haya. AZT, ARV ya kwanza, iliruhusiwa Marekani 1987, ikatumiwa peke yake, virusi vikaizoea. 1995 majaribio yakaonyesha dawa mbili zinaishinda moja, na kufikia 1996 zikawa tatu. Tangu hapo kazi ni kupima zipi zikae pamoja. Sindano hizi mbili zimeshalinganishwa na tembe kwa watu 512 wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini, wote virusi vikiwa vimetulia. Baada ya wiki 48, waliobaki chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu ni asilimia 96.9 upande wa sindano na 97.3 upande wa tembe. Kwa hivyo swali langu, dada: tembe inakutapisha?

Nyar_Kolwa
La. Nimechoka tu kumeza kila siku.

Mama_Nakuru
Umechoka?? Mimi nimeanza enzi za stavudini, ile ARV ya zamani, mashavu yakaingia ndani mpaka watu wa kanisa wakanichangia unga. Nyayo zikichoma usiku kama nimekanyaga makaa. Siku nilipobadilishiwa dawa nilicheza nyimbo za harusi peke yangu jikoni. Tembe moja tu, nawe unalia? Mama, kuna mtu unamficha.

Nyar_Kolwa
Sawa. Mume wangu hajui. Nilijulia kliniki ya wajawazito akiwa Mombasa, nikanyamaza, mtoto ni mzima. Huwa anakuja Pasaka na Desemba, lakini kazi imeisha, mwezi ujao anarudi kukaa. Tembe nimezihamishia mkebe wa kakao, nikaweka pamba zisilie. Sindano nitamwambia ni ya kupanga uzazi. Na fomu nilitia sahihi Jumanne, kwa hivyo msinikataze, niambieni tu kama ni salama.

Mtumishi_Milimani
Ndoa bila ukweli ni nyumba bila msingi. Mwanamume ana haki. Tubu, umwambie leo.

Boda_Mamboleo
Ile ya uzazi wengi hudungwa kila miezi mitatu. Hii ni wiki nane. Akihesabu?

Nyar_Kolwa
Hahesabu yule. Na simwambukizi, virusi havionekani! Mtumishi, mke wa shemeji yangu alisema ukweli wake, nguo zikatupwa nje usiku, mama mkwe akishika tochi. Nitubu nikalale wapi?

Mpelelezi_Kondele
Uzi wa kutunga huu. Mara jibu linatakiwa Ijumaa, mara sahihi ilitiwa Jumanne. Huyu ni mwanafunzi anakusanya maoni ya tasnifu. Hata mkebe wa kakao ni wa sinema.

Mzee_wa_Dunga
Nami nilishuku. Ng'ombe wa kaka nimewataja bure.

Nyar_Kolwa
Sahihi ya Jumanne ni ya kupimwa kama nafaa. Walichukua damu: mimba, na homa ya ini aina ya B. Ijumaa ndiyo ya kuingia kwenye kura ya nani apewe sindano na nani abaki na tembe. Mpelelezi, pamba nakuachia ukitaka kuithibitisha.

Muuguzi_Mstaafu
Hatua ndivyo zinavyokwenda, mwacheni. Lakini dada, umesema kura. Kura ikikuweka upande wa tembe, mkebe unaurudia. Hilo umelifikiria? Majibu ya ini yangoje pia: tembe yako inazuia virusi vya homa ya ini B, sindano hizi hazivizuii. Na ukichelewa kudungwa, kwa mfano mume akikuzuia kutoka, dawa hubaki mwilini kidogo kidogo hata mwaka mzima, na virusi hujifunzia hapo. Kabotegraviri ni ya ukoo mmoja na dolutegraviri, usugu wa moja unaweza kuiharibu na nyingine. Sahihi haikufungi, unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yako yakaendelea. Uzazi je?

Nyar_Kolwa
Fomu inasema nisishike mimba muda wote wa utafiti.

Mama_Nakuru
Na baba mtoto?

Nyar_Kolwa
Anataka wa pili. Ameshachagua na jina.

Boda_Mamboleo
Hapo sindano ya uzazi utaiuza vipi, mama?

Mpelelezi_Kondele
Bado siamini.

Nyar_Kolwa
Usiamini. Muuguzi, nikiwaambia Ijumaa wanipe muda, watanifuta? Na wale washauri wa kliniki wanaweza kumpigia simu akiwa bado Mombasa, au mpaka afike?

Muuguzi_Mstaafu
Kuomba muda ni haki yako. Kumpigia, hapana, hawampigii bila wewe kukubali. Nenda kwanza peke yako, uwaambie pia habari ya mama mkwe na tochi, wajue hatari iliyopo kabla ya kupanga lolote. Wakati mwingine mume hualikwa kupimwa kama mtu yeyote, mkapokea majibu pamoja mshauri akiwepo. Unajua kama yeye amewahi kupimwa?

Nyar_Kolwa
Hajawahi kuniambia.