Shule ya binafsi kupunguza walimu kuelekea 2027: je, mtaala mpya ndio sababu?

Mama wa Makorora
Waungwana, assalaam aleikum na habari za jioni. Nina watoto wawili katika shule moja ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tanga mjini, mmoja yuko darasa la tano na mwingine la sita. Juma lililopita uongozi ulituletea barua kwamba Januari 2027 mikondo miwili ya darasa la saba itaunganishwa kuwa mmoja, walimu wanne wa madarasa ya juu hawataendelea na kazi, na mwaka 2028 shule itafungua kidato cha kwanza chenye masomo ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi. Sababu iliyoandikwa ni "utekelezaji wa mtaala mpya", basi. Naomba wanaofahamu wanieleze kama ni kweli mtaala ndio unaowaondoa walimu hawa.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni
Mama, barua hiyo imechanganya mambo mawili. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Ndiyo maana waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale waliowatangulia ambao watakuwa la saba. Wanao wawili wamo humo, mmoja kila upande. Kuanzia 2028 shule yoyote ya msingi itakuwa na darasa moja pungufu, na kwa shule inayoendeshwa kwa ada hilo ni pengo ambalo mmiliki ana haki ya kulipigia hesabu.

Lakini 2027 yenyewe ni mwaka wa kuongeza mikono. Darasa la saba watakuwa bado wanasoma Uraia na Maadili kwa vitabu vya zamani, ilhali la sita wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Mwalimu mmoja akipewa madarasa yote mawili ataandaa maazimio ya kazi, yaani mipango ya ufundishaji ya mwaka, kwa mihtasari miwili tofauti ya masomo, na yote mawili ni madarasa ya kumaliza. Nimefundisha madarasa ya mtihani kwa miaka mingi, na sijaona shule iliyopunguza walimu mwaka wa namna hiyo isijutie.

Mshauri wa ajira
Naongezea upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji awape taarifa ya kusudio hilo, awaeleze sababu, hatua alizofikiria ili kuepuka upunguzaji na vigezo vya kuchagua nani aondoke, kisha ashauriane nao kabla ya kuamua. Kwa hiyo ikiwa wazazi wameambiwa idadi ya walimu watakaoondoka kabla walimu wenyewe hawajaitwa, hapo pana kasoro. Mwenye utumishi wa miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi. Wenye mikataba ya muda maalumu hali yao ni tofauti, ingawa mwalimu aliyekuwa akiongezewa mkataba mwaka hadi mwaka anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya msingi ya kuendelea. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Mwalimu wa IIIA
Mimi nipo shule nyingine, Pongwe, na kwetu minong'ono ni hiyo hiyo. Wanaotajwa ni sisi wenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi, Daraja la IIIA, kwa kuwa sekondari wanahitaji stashahada au shahada. Mama, uliza kama shule imewapa hao wanne nafasi ya kujiendeleza.

Mama wa Makorora
Ahsanteni sana. Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Nitauliza ni nani atafundisha la sita na la saba kuanzia Januari, somo kwa somo, na nitaomba jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ada za watoto wawili wa kidato cha kwanza kwa mpigo hapo 2028 nitazililia peke yangu nyumbani.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni
Uliza pia darasa hilo litakalounganishwa litakuwa na watoto wangapi. Barua haikusema.