MREJESHO: Michango ya kukarabati nyumba ya kale ya matofali mabichi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kupata fedha za kukarabati nyumba ya mababu ya matofali mabichi ya udongo. Asanteni sana.

Ushauri wa kuchangisha kwa kazi moja moja umelipa: tuliposema "paa kwanza, maji yasiingie ukutani", tukaweka na picha ya pembe iliyomomonyoka, watu wakachanga (wajomba ndio walikuwa wagumu kuliko wageni!). Paa limekamilika.

Ruzuku imegonga mwamba; watoaji walitaka nyumba iliyosajiliwa kama urithi, yetu bado haijasajiliwa.

Uliyesema tubandue lipu ya saruji, ubarikiwe: nyuma yake udongo ulikuwa umelowa chapachapa. Sasa tunapiga lipu ya udongo sisi wenyewe, gharama imeshuka. Madirisha bado, pesa imekata.